Waya Chini ya Gari



Jumatano iliyopita kamati yetu ilikaa baada ya sala ya Isha kwa ajili ya hesabu za tangi la maji. Kabla hatujafungua daftari, aliingia mama mmoja wa mtaani, akasimama karibu na mlango kwa haya, akaomba dakika tano. Askari wawili waliovaa kiraia walifika nyumbani kwake alasiri, yeye akiwa sokoni, wakamkuta mwanawe anayesoma kidato cha nne. Walipekua chumba chake wakaondoka na simu. Hawakuonyesha karatasi walipoingia, wala hawakuacha karatasi walipotoka. Kijana hakukamatwa, na hakuambiwa anatuhumiwa kwa lipi. Mama yule hakuja kulaumu. Aliuliza swali moja tu: simu ile akaidai wapi, na atathibitisha vipi kwamba ilichukuliwa?

Sijafungua kinywa, mzee wetu mmoja wa kamati, ambaye namheshimu kama baba, akasema: "Mwanangu Katibu, mtu asiye na lake jambo haogopi kupekuliwa. Na polisi wakimpata mwizi, mimi siulizi wamepita mlango gani."

Wajumbe wengi walitikisa vichwa kukubali. Nilimwandikia mama yule barua ya kupeleka kwa mkuu wa kituo, kisha tukarudi kwenye tangi letu. Lakini maneno ya mzee yalibaki nami njia nzima hadi nyumbani. Nilitamani kumjibu na sikuwa na jibu lenye uzito. Kijana humjibu mzee wake kwa hoja, na hoja hutafutwa. Nimeitafuta, nikaikuta mbali kuliko nilivyotarajia: Marekani, ambako mahakama zimebishana juu ya jambo hili hili kwa zaidi ya miaka 100, na ambako ndugu zetu Waislamu wameonja uchungu wake.

Nianze na gari la mwanafunzi. Mwezi Oktoba 2010, huko California, kijana wa Kiislamu mwenye umri wa miaka 20, raia wa Marekani mwenye asili ya Misri, alipeleka gari lake gereji kubadilishiwa oili. Gari liliponyanyuliwa, akaona waya unaning'inia upande wa nyuma. Fundi akauvuta. Kikatoka kifaa cheusi kilichokuwa kimenaswa kwa sumaku chini ya gari. Rafiki yake akatia picha kwenye intaneti kuuliza watu kitu hicho ni nini. Haikupita siku mbili, maofisa wa FBI, yaani shirika la upelelezi la serikali kuu ya Marekani, wakafika nyumbani kwake kudai mali yao. Naam, mali yao! Kilikuwa kifaa cha kufuatilia gari, kinachosoma satelaiti na kutaja gari lilipo saa zote. Hapakuwa na hati ya hakimu iliyoruhusu kukiweka. Kijana yule hakushitakiwa kwa kosa lolote.

Alikwenda mahakamani kudai haki yake. Mwaka 2015 mahakama ya Washington ikatupilia mbali madai yake dhidi ya maofisa, kwa hoja kwamba walipokiweka kifaa, sheria ilikuwa bado haijaweka wazi kwamba kufanya hivyo bila hati ni kosa. Kwa hiyo wasingeweza kuwajibishwa.

Sasa tazama upande wa pili. Antoine Jones alikuwa mmiliki wa klabu ya usiku mjini Washington, akituhumiwa kuuza kokeini kwa wingi. Mwaka 2005 polisi walipata hati ya hakimu ya kuweka kifaa kama kile kwenye gari aina ya Jeep lililoandikishwa kwa jina la mke wake. Hati ilisema kifaa kiwekwe ndani ya siku 10, na kiwekwe ndani ya mipaka ya Washington. Wao wakakiweka siku ya 11, tena katika jimbo jirani la Maryland, gari likiwa limeegeshwa mahali pa wazi. Wakalifuatilia gari kwa siku 28. Betri ilipoanza kufa, waliifuata Jeep kwenye maegesho mengine wakaibadilisha. Kifaa kiliwaletea kurasa zaidi ya 2,000 za taarifa: gari limetoka wapi, limesimama wapi, kwa muda gani. Taarifa hizo zilimuunganisha Jones na nyumba iliyokutwa na dola 850,000 taslimu na kilo 97 za kokeini. Akahukumiwa kifungo cha maisha.

Mzee wetu angesema: alhamdulillah, mwovu amepatikana. Lakini kesi ilipofika Mahakama ya Juu, majaji wote 9 walikubaliana, tarehe 23 Januari 2012, kwamba kuweka kifaa kile kwenye gari na kulifuatilia kulikuwa ni upekuzi kwa mujibu wa Katiba yao. Hati ilikuwa imeshapitwa na muda na mipaka yake, na kwa hiyo serikali ilisimama pale kama mtu aliyepekua bila hati kabisa. Hukumu ya Jones ikaanguka.

Majaji walikubaliana juu ya tamati, lakini njia zao zilitofautiana, na tofauti hiyo ina faida kwetu. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika uamuzi, alitazama mkono wa askari: gari ni mali ya mtu, na serikali iliigusa mali hiyo ili ipate habari. Hilo lilimtosha. Jaji Samuel Alito na wenzake watatu waliona hoja hiyo ni ya zamani mno. Hatari, kwao, haikuwa kile kisanduku kidogo, bali mwezi mzima wa kufuatwa. Zamani mtu alilindwa na uchovu wa polisi wenyewe, kwani kumfuata mtu siku 28 usiku na mchana kulihitaji askari wengi, magari mengi na fedha nyingi, na hivyo hawakumfanyia kila mtu. Chombo kinachofanya kazi hiyo kwa gharama ya betri kimeuondoa ulinzi huo. Jaji Sonia Sotomayor naye alitaja jambo ambalo mwenye familia atalielewa upesi: safari za gari hueleza daktari unayemwendea, wakili unayemtafuta, na nyumba ya ibada unayoingia.

Katika mabishano ya kesi hiyo, Novemba 2011, Jaji Mkuu John Roberts alimuuliza wakili wa serikali kama, kwa hoja zake, FBI wangeweza kuweka vifaa hivyo kwenye magari ya majaji wenyewe na kuwafuatilia mwezi mzima. Wakili, kwa ukweli wake, akajibu kwamba wangeweza. Nadhani kesi iliishia pale. Mtu huona ubaya wa waya anapouona chini ya gari lake.

Baada ya uamuzi, wakili mkuu wa FBI alieleza hadharani kwamba shirika lilikuwa na vifaa karibu 3,000 vilivyokuwa vikifanya kazi, na vikalazimika kuzimwa.

Karibu magari 3,000, ndugu msomaji. Baadhi ya wenyewe bila shaka walikuwa wahalifu. Wengine walikuwa kama mwanafunzi wetu. Aliyesababisha vifaa vyao vizimwe ni mtu aliyetuhumiwa kuuza kokeini, wakati mwanafunzi asiye na kosa alikwenda mahakamani akarudi mikono mitupu. Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu silaha kubwa waliyonayo mahakimu dhidi ya upekuzi haramu ni kuukataa ushahidi uliotokana nao, na ushahidi haukataliwi mpaka kwanza uletwe. Asiyeshitakiwa hana ushahidi wa kupinga. Mlango wake umevunjwa, barua zake zimesomwa, simu yake imefunguliwa, na kwa kuwa hakukutwa na kitu, hapana kesi; na kwa kuwa hapana kesi, hakuna hakimu anayemuuliza askari "uliingiaje?" Swali hilo huulizwa katika kesi ya mwovu, na jibu lake ndilo linalomlinda mwema kesho yake. Hapo ndipo maneno ya mzee wetu yanapokosea, kwa heshima zote. Yeye anadhani sheria ya kukataa ushahidi iliwekwa kwa ajili ya mwizi. Mwizi ni mfano tu uliotokea kuwapo mahakamani siku hiyo.

Sikusudii kuficha uzito wa upande wa pili. Jaji maarufu wa huko, Benjamin Cardozo, aliulalamikia utaratibu huu mwaka 1926: kwa nini mhalifu aachiwe kwa sababu tu askari amekosea? Mama aliyeuawa mwanawe hawezi kuridhishwa na mhadhara kuhusu hati. Lakini tuulize pia mambo yalikuwaje kabla ya hapo. Mwaka 1957, mjini Cleveland, polisi walibisha nyumbani kwa mama mmoja mweusi, Dollree Mapp, wakimtafuta mtu waliyemshuku katika mlipuko wa bomu. Alikataa kuwafungulia bila hati. Wakarudi baada ya saa kadhaa, wakavunja mlango, na alipodai hati wakampungia karatasi. Aliinyakua akaitia kifuani. Wakamnyang'anya na kumfunga pingu. Wakapekua nyumba nzima, wakakuta vitabu na picha chafu, na akahukumiwa kwa hizo. Mahakamani hati haikuonekana kamwe. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba ushahidi wa namna hiyo ukataliwe katika mahakama za majimbo yote, kama ulivyokuwa ukikataliwa katika mahakama za serikali kuu tangu mwaka 1914. Kama ushahidi hupokelewa kwa vyovyote vile, basi karatasi yoyote ya kupunga yatosha kuwa hati.

Kwetu sisi jambo hili si geni. Surat al-Hujurat, aya ya 12, imekataza kuchunguzana kwa siri, na Surat an-Nur, aya ya 27, imeweka adabu ya kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mwingine. Imam Ghazali katika Ihya ametaja kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar, Allah amridhie, aliyeparamia ukuta wa nyumba akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule alikiri kosa lake moja, kisha akamhesabia Khalifa matatu: amechunguza, ameingia pasipo mlango, na hakutoa salamu wala kuomba idhini. Khalifa akamwacha, akimtaka atubie. Mzee wetu anakijua kisa hiki kuliko mimi, kwani yeye ndiye aliyenifundisha kusoma. Mtu yule alikuwa na kosa kweli. Hata hivyo aliulizwa Khalifa wa Waislamu amepita mlango gani.

Turudi kwenye vyombo, kwa maana kile kisanduku cha sumaku sasa ni kitu cha kizamani. Tunakibeba wenyewe, tunakinunua kwa fedha zetu, na usiku tunakilaza karibu na mto. Simu ikiwa mfukoni, hata hujaigusa, huzungumza na mnara ulio karibu nayo ili ijulikane ilipo simu inapoingia, na kampuni ya simu huweka kumbukumbu ya minara hiyo. Katika kesi ya Timothy Carpenter, aliyeshitakiwa kwa mfululizo wa wizi wa kutumia silaha katika maduka, miongoni mwayo maduka ya simu, serikali ilichukua kutoka kampuni za simu kumbukumbu zake za siku 127. Zilikuwa na nukta 12,898 za mahali alipokuwa. Hawakuigusa mali yake, hawakuvunja mlango, na hawakupata hati ya upekuzi. Walitumia amri ya mahakama ya daraja la chini, ambayo haidai sababu nzito kama zile za hati. Serikali ilisema: taarifa si zake, ni za kampuni, naye aliwapa mwenyewe kwa hiari.

Mwaka 2018, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu ilikataa hoja hiyo. Jaji Mkuu Roberts alieleza kwamba mtu wa leo hana hiari ya kweli ya kutokuwa na simu, na kwamba kumbukumbu za namna hiyo ni historia ya maisha yake. Polisi wakizitaka, kwa kawaida wapate hati.

Je, Carpenter aliachiwa? La. Kesi iliporudi mahakama ya rufaa, majaji walisema askari walifuata sheria kama ilivyokuwa wakati ule, kwa nia njema, na hivyo ushahidi ulipokelewa. Kifungo chake cha zaidi ya miaka 100 kikabaki. Na Jones? Kesi yake ilirudiwa mwaka 2013, upande wa mashitaka ukitumia safari hii taarifa za minara ya simu badala ya kifaa cha gari. Baraza la wazee wa mahakama halikuafikiana, naye mwishowe akakiri kosa kwa makubaliano na akapewa miaka 15, ikihesabiwa na ile aliyokwisha kutumikia. Wanaohofia kwamba sheria hizi hufungua milango ya magereza wayatazame matokeo hayo mawili.

Huku kwetu mizani ni nyingine, na ni vema familia ziijue. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 31, inalinda faragha ya mtu, nyumba yake, mali yake na mawasiliano yake. Ibara ya 50, kifungu kidogo cha 4, inataka ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki hizo ukataliwe, iwapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutaudhuru utoaji haki. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, nayo inatambua faragha ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Lakini ushahidi uliopatikana kinyume cha sheria haukataliwi papo hapo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamwachia hakimu apime: uzito wa kosa, ugumu wa kupata ushahidi huo kwa njia halali, na ukubwa wa uvunjaji wa sheria. Jambo moja katika sheria hiyo nalipenda: mzigo wa kuishawishi mahakama ipokee ushahidi wa namna hiyo uko juu ya yule anayetaka upokelewe, siyo juu ya mshitakiwa.

Tofauti nyingine ni ya mtoa kibali. Kwa Wamarekani, hati hutoka kwa hakimu, mtu asiyekuwa na hamu ya kumkamata yeyote. Kwetu Tanzania, kibali cha maandishi cha kupekua kinaweza kutolewa na mkuu wa kituo cha polisi, ambaye hutakiwa kutoa taarifa kwa hakimu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inampa mkuu wa kituo uwezo wa kuamuru kompyuta au simu itwaliwe. Mwenye kutafuta ndiye mwenye kuruhusu. Sisemi kwamba wote hutumia vibaya uwezo huo; ninao majirani askari, na safu ya mbele msikitini wamo. Nasema tu kwamba mtu hapaswi kuwa kadhi katika haja yake mwenyewe.

Ndiyo maana karatasi ya mama yule ina thamani kuliko anavyodhani. Sheria ile ya mwaka 1985 inamtaka askari anayechukua kitu katika upekuzi atoe stakabadhi, yenye sahihi ya mwenye nyumba au anayekaa humo, na za mashahidi kama wapo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesisitiza pia, katika kesi ya Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, kwamba kielelezo kiwe na kumbukumbu ya mikono yote iliyopitia, tangu kilipokamatwa hadi kinapoletwa mahakamani. Kwa simu jambo hilo ni zito zaidi, kwa maana kisu kikikaa kabatini wiki moja hubaki kisu, lakini simu ikikaa wiki moja mkononi mwa mtu inaweza kutoka na maneno ambayo mwenyewe hakuyaandika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, nayo ya mwaka 2015, inakubali ujumbe wa simu kuwa ushahidi, ila uzito wake hupimwa kwa namna ulivyotunzwa na uhakika kwamba haukuguswa.

Basi waambieni vijana nyumbani. Askari akija, wasimzuie, wasikimbie, wasimtukane. Wamwombe kitambulisho na kibali kwa adabu, wamwite mjumbe wa nyumba kumi au jirani mtu mzima ashuhudie, wasome kabla ya kutia sahihi, na wadai stakabadhi yenye aina ya simu na namba yake ya utambulisho. Kama stakabadhi haikutolewa, waandike siku ile ile saa, majina yaliyotajwa, na vilivyochukuliwa, kisha wazazi wapeleke barua kituoni na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Simu ya kijana wetu ilirudishwa Jumamosi. Askari mwingine kabisa aliileta mlangoni, akasema palikuwa na kufanana kwa majina, akaondoka. Hakuna karatasi safari hii pia. Mama alifurahi, akaniletea kashata.

Jana alasiri nilimsomea mzee rasimu ya makala hii barazani kwake, maana sikutaka aikute gazetini. Alinyamaza kitambo, akauliza: "Na yule kijana wa California, alilipwa nini?" Nikamwambia hakulipwa kitu. Akaomba nimsomee tena pale pa gereji.